Banda la Miche Kongwa: Kivuli, Udongo na Maji

Banda la miche ni kibanda cha pembeni mwa nyumba ambamo udongo huchanganywa, viriba hujazwa, mbegu husiwa na miche hulelewa mpaka siku ya kupelekwa shambani. Katika Wilaya ya Kongwa, upande wa mashariki wa Mkoa wa Dodoma, kibanda hicho kina kazi moja kuu inayotangulia nyingine zote: kumwezesha mkulima kuifanya wakati wa kiangazi kazi ambayo mvua haimpi nafasi ya kuifanya.

Mvua ya Kongwa ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hufikia kati ya milimita 500 na 600. Hata ndani ya msimu huo, hasa kuelekea Februari, hupita siku nyingi za jua tupu. Mbegu ya mti iliyofukiwa shambani mvua zinapoanza huwa bado ni kichipukizi jua hilo linapowaka, na mzizi wake haujaufikia unyevu wa chini. Mche uliolelewa bandani miezi mitatu huingia shambani ukiwa na mizizi yake, na mvua yote iliyobaki huitumia kuishusha chini. Ndiyo maana kazi ya miti Kongwa huanza wakati ardhi imekauka na watu wengi hawafikirii kupanda.

Mabanda ya namna hii yanajulikana pia katika nchi za baridi. Huko Uingereza, banda la bustani hufungwa kuta pande zote, likawekewa dirisha la kioo mbele ya meza ya kujazia vyungu, kwa sababu adui wa mche ni baridi. Kongwa hali ni kinyume. Adui ni jua la mchana, upepo mkavu na mchwa. Kwa hiyo banda la Kongwa huachwa wazi pande nyingi, paa lake huchuja mwanga badala ya kuuzuia wote, na ukuta hujengwa upande wa upepo tu.

Kabla ya kujenga, inafaa kujua ni miti ipi inayohitaji banda. Si yote. Katika mashamba mengi ya Dodoma visiki vya miti iliyokatwa bado vina uhai chini ya ardhi na kila mvua huchipua. Mbinu ya Kisiki Hai, ambayo taasisi ya LEAD Foundation imekuwa ikiieneza vijijini mkoani Dodoma, na tangu 2018 kwa ushirikiano na Justdiggit ya Uholanzi, hutegemea visiki hivyo: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, huyapunguzia matawi, huyawekea alama na kuyalinda na mifugo. Mti wa kisiki una mizizi mirefu tayari, na hauna gharama ya kiriba wala ya maji. Kwa miti ya asili iliyokwisha kuwapo shambani, njia hiyo ni nafuu kuliko kuotesha. Banda linabaki na kazi ya miti isiyo na kisiki: miembe, mipapai, mipera na mikwaju ya matunda, miarobaini na milonge ya nyumbani, na miti ya kurutubisha shamba kama gliricidia, ambayo watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto, ICRAF, wameifanyia majaribio na wakulima wa Kongwa kwa kuichanganya na mahindi na mbaazi. Miche ya mboga nayo, kama nyanya na vitunguu vya kulimwa kandokando ya makorongo, hupata nafasi yake humohumo.

Mahali pa kujenga banda huchaguliwa kwa mambo manne. La kwanza ni maji: banda lililo mbali na kisima au tangi hutelekezwa mwezi wa pili, kwa sababu kubeba ndoo kila jioni huchosha. La pili ni jicho la mwenye nyumba. Mbuzi mmoja aliyeingia kwa dakika kumi humaliza kazi ya miezi mitatu, na kuku huparua mbegu zilizosiwa jana. Banda liwe pale linapoonekana kutoka jikoni au kibarazani. La tatu ni mteremko mdogo, ili mvua kubwa ya Desemba isituame kwenye viriba. La nne ni umbali kutoka kwenye miti mikubwa na vichuguu. Kivuli cha mwembe mkubwa kinavutia, lakini ni kizito mno kwa mche unaokua, nao mti wenyewe hudondosha wadudu na magonjwa juu ya miche.

Mwelekeo wa banda una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kongwa iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huegemea upande wa kaskazini, na kipindi hicho ndicho karibu chote cha kiangazi. Banda likijengwa kwa urefu wa mashariki kwenda magharibi, na paa lake likashushwa kidogo na kutokeza zaidi upande wa kaskazini, kivuli hubaki juu ya miche tangu asubuhi hadi alasiri bila kuhamahama. Upepo nao huvuma zaidi kutoka mashariki, na katika miezi ya Agosti na Septemba hubeba vumbi kwa nguvu. Upande huo hujengewa ukuta wa matofali au kiambaza cha fito na udongo, au hupandwa ua wa minyaa. Minyaa huota kwa kuchomeka vipande ardhini, huvumilia ukame, na mbuzi hawaigusi. Utomvu wake huchoma macho, kwa hiyo hukatwa kwa uangalifu na watoto wakiwa mbali.

Kuhusu ukubwa, banda la familia halihitaji kuwa kubwa. Kiriba cha inchi 4 kwa 6, ambacho ndicho kinachotumika sana kwa miche ya miti, kikijazwa udongo huwa na upana wa sentimita 6 hivi. Viriba vikipangwa kwa kubanana, mita moja ya mraba hubeba zaidi ya 200. Kitanda cha miche chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 kinaweza basi kubeba miche 800, ambayo ni mingi kuliko inavyoweza kupandwa na kutunzwa na kaya nyingi kwa mwaka mmoja. Upana wa kitanda usizidi mita 1.2, ili mtu aliyechuchumaa upande mmoja aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga miche. Njia kati ya vitanda huachwa nafasi ya sentimita 60, inayotosha mtu na ndoo. Pembeni huongezwa eneo la kufanyia kazi la mita 2 kwa 3 hivi, lenye paa la bati, kwa ajili ya udongo, vifaa na meza au vigoda.

Nguzo ndizo huanza kuharibika, na kinachoziharibu ni mchwa. Nguzo ya mti mlaini iliyosimikwa bila kinga huweza kuliwa shina ndani ya msimu mmoja, nje ikaonekana nzima huku ndani ni tope. Wajenzi wengi hupaka oili chafu ya magari sehemu itakayozama ardhini na kupandisha kidogo juu yake, kisha huiacha ikauke kabla ya kusimika. Oili hiyo isimwagwe shimoni wala kufika kwenye udongo wa miche. Mwenye uwezo hutumia nguzo fupi za matofali ya kuchoma au mabomba ya chuma, na mbao huanzia juu yake. Kwa vyovyote vile, nguzo hukaguliwa kila wiki. Njia za udongo ambazo mchwa huzipandisha juu ya nguzo huonekana wazi; zikibomolewa mapema kila zinapojengwa, paa husalimika.

Paa la upande wa kufanyia kazi ni la bati. Paa la upande wa miche ni la kuchuja mwanga. Neti ya kivuli inayopitisha nusu ya mwanga inafaa, nayo huuzwa kwa mita katika maduka ya pembejeo. Asiyeinunua hutumia mabua ya mtama au uwele, ambayo Kongwa hayakosekani baada ya mavuno, yakitandikwa juu ya fito kwa kuachiana nafasi sawa na unene wa bua. Ubora wa mabua ni kwamba yanaweza kupunguzwa kidogo kidogo miche inapokua. Kasoro zake ni mbili: huvuta mchwa, na humwaga vumbi yakichakaa. Kimo cha paa kiwe mita 2, ili mtu asimame na hewa ipite. Paa likiwa chini sana joto hukwama chini yake, na hapo ndipo ukungu huanza.

Banda lina mlango na ua. Ua wa matawi ya migunga yenye miiba, kama ule wa zizi, hutosha kuzuia mbuzi na ng'ombe, ila kuku hupenya chini yake. Wavu wa kuku wenye kimo cha nusu mita, ukingo wake wa chini ukafukiwa ardhini, humaliza tatizo hilo.

Baada ya banda huja udongo. Hapa historia ya Kongwa yenyewe inatoa funzo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga, ikakusudia kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Afrika Mashariki na Kati, nyingi zake Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Matrekta na matingatinga yaliletwa, reli ikajengwa kutoka stesheni ya Msagali, na mapori yakang'olewa. Mapema 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umepoteza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi: mipango ya haraka, mashine zilizochakaa, mvua chache. Moja kati yake ilikuwa udongo. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi unaolainika ukilowa, lakini mvua ikikatika hukauka na kukaza, na karanga zilizokomaa chini yake zikawa shida kung'olewa. Mchanga uliomo ndani yake ukala meno ya majembe ya matrekta.

Udongo huohuo ukitiwa kwenye kiriba ukiwa peke yake hufanya lilelile kwa kipimo kidogo. Baada ya kumwagiliwa mara kadhaa hushikana na kuwa kipande kimoja kigumu, maji hukaa juu yake au huteremka pembeni mwa plastiki bila kuingia katikati, na mzizi mchanga hukosa hewa. Kwa hiyo udongo wa viriba hauchimbwi tu na kujazwa, hutengenezwa. Vitu vitatu huhitajika: udongo wa juu, samadi na mchanga.

Udongo wa juu hukwanguliwa chini ya migunga au vichakani, usizidi kina cha sentimita 15, mahali ambapo majani yameoza miaka mingi. Samadi ya ng'ombe hutoka zizini. Samadi mbichi haifai: huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Hurundikwa, hulowanishwa, hufunikwa, na hugeuzwa mara kwa mara kwa miezi mitatu au zaidi, mpaka ipoteze harufu na kuvunjikavunjika mkononi. Mchanga huchukuliwa kwenye korongo. Ule wenye chembe kubwa, uliooshwa na maji ya mafuriko, ndio unaofaa. Vyote vitatu hupitishwa kwenye chekecheo la waya kuondoa mawe, mizizi na madongoa.

Kipimo kinachotumika sana ni sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu mbili za samadi na sehemu moja ya mchanga. Udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi, mchanga huongezwa kuwa sehemu mbili. Jaribio la kujua kama mchanganyiko umekubali ni la mkono. Mchanganyiko hulowanishwa kidogo, hufinywa kwenye kiganja, kisha kiganja hufunguliwa. Ukisambaa wenyewe, mchanga umezidi. Ukibaki donge ambalo hata likibonyezwa kwa kidole halivunjiki, mfinyanzi umezidi. Unaotakiwa ni ule unaoshikana, kisha ukiguswa kwa kidole unapasuka.

Kujaza viriba ni kazi inayoonekana ya kitoto, lakini miche mingi huharibika tangu hapo. Mjazaji hukaa kwenye kigoda, rundo la mchanganyiko wenye unyevu mbele yake, na mkononi ana kopo lililokatwa mshazari kama koleo dogo. Kiriba hufunguliwa kwa kusuguliwa kati ya vidole. Theluthi ya kwanza ya udongo hutiwa, kisha pembe mbili za chini husukumwa ndani kwa vidole na udongo hushindiliwa mpaka kiriba kisimame chenyewe. Halafu hujazwa hadi karibu na mdomo na kugongwa chini mara mbili tatu ili udongo ushuke bila kukandamizwa, ndipo huongezwa kidogo. Juu huachwa nafasi ya sentimita moja ya kupokea maji. Kiriba kilichojazwa nusu hukunjika shingo, na mkunjo huo huzuia maji yasifike kwenye mche. Kiriba kimoja cha inchi 4 kwa 6 huchukua karibu nusu lita ya udongo, hivyo debe moja la lita 20 hujaza viriba 40 au zaidi kidogo. Kwa viriba 400 huandaliwa madebe 10.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, haikugusa viriba vya miche, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliruhusiwa. Hilo haliondoi wajibu wa kuvikusanya. Kiriba kilichoachwa shambani huliwa na ng'ombe, na plastiki tumboni huweza kumuua. Asiyetaka kununua viriba hutumia makopo, chupa za maji zilizokatwa shingo na pakiti za maziwa, mradi chini zitobolewe matundu ya kutosha ya kutolea maji.

Kitanda cha viriba katika nchi kavu huzamishwa. Ardhi huchimbwa kina cha sentimita 15, kwa upana na urefu wa kitanda, na sakafu husawazishwa. Viriba hupangwa humo vikiwa wima, midomo yake ikilingana na uso wa ardhi. Kwa namna hiyo ubavu wa kiriba haupigwi na jua wala upepo, na maji hudumu. Kwenye vitanda vilivyoinuliwa, vya maeneo ya mvua nyingi, viriba vya pembeni hukauka kwanza na miche yake hudumaa. Mvua zinapokaribia, mfereji mdogo huchimbwa kuzunguka kitanda ili maji ya nje yasiingie.

Maji ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Miche 300 hadi 400 iliyobanana katika kitanda kilichozamishwa, chini ya kivuli, huhitaji kwa makadirio ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Hesabu ya paa inasaidia hapa. Paa la bati lenye mita 10 za mraba, kwa mvua ya milimita 500, hupokea lita 5,000 kwa msimu. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 4,000, na lita 4,000 kwa ndoo moja kwa siku ni siku 200. Toka Mei mpaka mwisho wa Novemba ni siku 214. Paa dogo la nyumba, likiwekewa mfereji na tangi la kutosha, linaweza basi kukaribia kabisa kuibeba miche hiyo kiangazi kizima. Na kwa kuwa miche mingi haianzi kumwagiliwa kabla ya Agosti, tangi la nusu ya ukubwa huo nalo lina msaada mkubwa.

Maji ya mvua yana faida nyingine. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Mtu mzima huweza kuyanywa, ng'ombe huyapenda, lakini mche mchanga huonyesha dalili mapema: kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, na utando mweupe hutokea juu ya udongo wa kiriba. Penye kisima cha namna hiyo, maji ya mvua hutunzwa kwa ajili ya wiki za kwanza baada ya mbegu kuota, na ya kisima hutumika miche ikishapata nguvu.

Umwagiliaji hufanyika asubuhi na mapema au jioni jua likishapoa. Keni yenye matundu madogo hutumika, ili mbegu zisifukuliwe. Kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba hufanya kazi hiyohiyo. Mara nyingi miche hufa kwa maji mengi kuliko kwa machache. Kidole kikichomekwa kwenye udongo na kutoka na unyevu, siku hiyo hakuna haja ya kumwagilia.

Mbegu nazo zina tabia tofauti. Mwarobaini haungoji: mbegu yake hupoteza uhai ndani ya wiki chache baada ya kuiva, kwa hiyo husiwa ikiwa mbichi, nyama yake ikishaoshwa. Migunga, mikwaju na milusina (leucaena) ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Za migunga na milusina humwagiwa maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, kisha huachwa humo mpaka yapoe na kukaa usiku kucha. Zilizovimba ndizo husiwa. Ya mkwaju huweza kukwaruzwa ubavuni kwa jiwe na kulowekwa. Gliricidia hulowekwa usiku mmoja katika maji baridi, au husiwa hivihivi. Mlonge hausumbui na huota ndani ya wiki mbili. Kanuni ya kina ni moja kwa zote: mbegu hufukiwa kwa udongo usiozidi mara mbili ya unene wake. Juu hutandazwa nyasi kavu nyembamba, ambazo huondolewa mara tu vichipukizi vinapochomoza. Mbegu bora za miti hupatikana katika vituo vya mbegu vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kikiwamo kile cha Morogoro.

Tarehe za kusia huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwanzo wa mvua. Udongo na mchanga hukusanywa Aprili na Mei, kabla ardhi haijakaza. Samadi huanza kuozeshwa wakati huohuo. Juni na Julai, mavuno yakiisha, banda hukarabatiwa, na samadi ikishaoza viriba hujazwa. Baridi ya usiku ya miezi hiyo huchelewesha uotaji, kwa hiyo hakuna haraka ya kusia. Agosti husiwa miti inayokua polepole, kama mikwaju na migunga. Septemba ni zamu ya gliricidia na milusina. Mwanzoni mwa Oktoba hufuata milonge na mipapai, ambayo miezi miwili huitosha. Miembe ya kubebesha ina kalenda yake: shina la chini hulelewa hadi mwaka mzima, mpaka lifikie unene wa penseli, ndipo kikonyo cha mwembe bora hufungwa juu yake.

Ugonjwa wa kwanza bandani ni kinyausi. Mche uliokuwa mzima jana hukutwa umelala, shina limekonda na kulainika usawa wa udongo. Husababishwa na vimelea vya ukungu, na hushamiri penye maji mengi, msongamano na kivuli kizito. Tiba yake ni kupunguza maji, kufungua kivuli na kuondoa miche iliyougua pamoja na udongo wake. Sota hukata miche usiku na kujificha mchana chini ya udongo uleule. Hufukuliwa kwa kijiti na kuuawa. Nge hupenda ubaridi wa chini ya viriba, kwa hiyo anayehamisha viriba huvaa viatu na hukiinamisha kiriba kwanza kabla ya kukishika kitako chake.

Mche ukifika wiki ya sita au ya nane, mzizi mkuu hutafuta kutoka chini ya kiriba na kuingia ardhini. Ukiachwa, mche huota mizizi nje ya kiriba, na siku ya kung'oa hubaki na mizizi michache isiyoweza kuubeba. Kila baada ya wiki mbili au tatu kiriba huinuliwa na mizizi iliyotokeza hukatwa kwa kisu kikali au mkasi. Kazi hiyo hufanywa jioni, na miche humwagiliwa kabla na baada. Miche inapoinuliwa hupangwa upya: mirefu upande mmoja, mifupi upande mwingine, ili mirefu isiinyime mifupi mwanga.

Wiki nne kabla ya kupanda, miche hukomazwa. Mabua ya paa hupunguzwa kidogo kidogo, au neti hukunjwa asubuhi na jioni, mpaka wiki ya mwisho miche ikae juani kutwa. Maji hupunguzwa vivyo hivyo, kutoka kila siku hadi kila siku ya pili, kisha ya tatu. Mche mzuri wa kutoka bandani si lazima uwe mrefu. Ni ule wenye shina gumu linaloanza kuwa kahawia na kimo cha sentimita 20 hadi 40. Mrefu mwembamba ulionyooshwa na kivuli huvunjwa na upepo wa kwanza.

Kupanda hufanyika mvua ikishalowesha udongo kina cha mkono, mara nyingi katikati ya Desemba, na isivuke katikati ya Januari, ili mizizi iwe imeshika kabla ya jua la Februari. Kiriba humwagiliwa, huchanwa kwa wembe ubavuni, na mche huingizwa shimoni na udongo wake wote. Viriba vilivyochanwa hurudishwa nyumbani na idadi yake huhesabiwa.

Banda likiwa tupu husafishwa. Udongo uliobaki humwagwa bustanini, usitumike tena kwenye viriba, kwa kuwa huweza kubeba kinyausi. Vifaa huoshwa na kuanikwa, na viuatilifu, kama vilitumika, hufungiwa sandukuni. Kuanzia Aprili, vitanda hivyohivyo huweza kupokea mbegu za nyanya na vitunguu vya makorongoni.

Kazi ya mwisho ni ya daftari. Huandikwa aina ya mbegu, tarehe ya kusia, idadi iliyoota, idadi iliyotoka bandani, na mwishoni mwa kiangazi kinachofuata, idadi iliyo hai shambani. Idadi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nchini Kenya, Green Belt Movement iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977 iliwapa wanawake wa vitalu malipo madogo kwa mche uliopona baada ya kupandwa, wala si kwa kila mche uliooteshwa. Kwa kaya ya Kongwa kipimo ni hichohicho: miche 60 iliyo hai mwaka wa pili ni faida kubwa kuliko 400 iliyotoka bandani ikakosa ulinzi. Idadi ya viriba vya mwaka unaofuata hupangwa kwa kufuata hesabu hiyo.